Mapato ya ndani yameshuka asilimia 20: kila fungu likatwe sawa kwa sawa?

Chikichi (ameanzisha mada)

Wakuu wa jukwaa, heshima kwenu. Naomba mchango wa wanaoijua bajeti ya halmashauri kwa ndani, siyo kwa kusikia.

Tuchukue halmashauri ya wilaya ya mfano hapa mkoani Kigoma. Tarakimu nimezizungusha ili hesabu isitusumbue, lakini umbo ni lile lile mtakalolikuta Kasulu, Kibondo au kwa majirani zetu wa Tabora. Mwaka huu mapato ya ndani yasiyolindwa (yasiyofungwa kwa matumizi maalumu) yalipangwa shilingi bilioni 1.5. Uchumi umebana, biashara imelala, na makisio ya mwaka ujao hayavuki bilioni 1.2. Pengo ni milioni 300, asilimia 20 kamili.

Mgawanyo wa sasa uko hivi. Maendeleo asilimia 40, yaani milioni 600. Humo mna milioni 150 za mikopo ya asilimia 10 kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na milioni 450 za miradi 15, kila mmoja milioni 30. Zinazobaki milioni 900 ni matumizi ya kawaida (tarakimu ni milioni):

- mishahara ya wanaolipwa na mapato ya ndani (mkataba, walinzi, madereva): 170
- gharama za kukusanya mapato: 100
- vikao vya kisheria: 150
- umeme, maji, intaneti: 60
- safari za kikazi na posho za kujikimu: 160
- mafuta na matengenezo ya magari: 110
- marejesho ya vijiji na kata: 90
- lishe na ustawi wa jamii: 60

Pendekezo lililo mezani: kila fungu likatwe asilimia 20, "tubebe mzigo sawa". Waheshimiwa wengi wanalipenda kwa sababu halileti ugomvi. Je, kweli huo ni usawa? Na kama sio, mnakataje bila Baraza kuvunjika?

---

Mizani_Urambo

Sio usawa mkuu, na hesabu yako yenyewe inalionyesha hilo.

Pengo la 300 linajigawa lenyewe. Maendeleo yanashuka kutoka 600 hadi 480 kwa kuwa asilimia 40 inabaki asilimia 40. Matumizi ya kawaida yanashuka kutoka 900 hadi 720. Kwa hiyo kazi yenu ni kutafuta 180 kwenye ile orodha ya mafungu manane.

Sasa pita mstari kwa mstari uulize swali moja: huu unakatika? Mishahara 170 ni mikataba, mlinzi humlipi asilimia 80 ya mshahara wake. Umeme ni LUKU, ukinunua pungufu taa zinazimika. Gharama za kukusanya ukizikata, umekata mafuta ya kufika mnadani na vifurushi vya mashine za POS, makusanyo yanashuka tena, na mwezi Oktoba mnarudi mezani kukata upya. Ondoa hayo matatu, jumla 330. Zimebaki 570 za kubeba 180. Hiyo ni karibu asilimia 32, siyo 20.

Haijaisha. Vikao hutetewa kwa neno moja tu, "vya kisheria", na likishatamkwa watu huwa kimya. Ukiviondoa navyo, zimebaki 420 za kubeba 180. Asilimia 43. Na ndani ya hizo 420, safari hukatwa kwenye karatasi halafu zinarudi kwa jina la dharura. Fungua taarifa ya utekelezaji mwishoni mwa mwaka: vijiji na lishe ndiyo mafungu yatakayokuwa yamepata fedha kiduchu. Mweka hazina hana ubaya. Ni kwamba hakuna mtoto wa miaka 2 anayegonga mlango wake saa 2 asubuhi akidai malipo.

Kwa hiyo asilimia moja kwa wote ni kukata kwa nguvu ya mwenye fungu. Mwenye sauti hulipwa, asiye na sauti hubeba pengo la wote. Ukitaka mzigo ugawanyike, amua wazi kabla ya Julai, mwaka wa fedha unapoanza, nani atabeba kiasi gani, kisha uandike. Mimi ningekata hivi:

Safari 160 zishuke hadi 80. Ndiyo, nusu. Safari nyingi za Dodoma ni za kupeleka nyaraka ambazo mfumo unazipokea ukiwa umekaa ofisini. Zibaki za ukaguzi, kesi na vikao vya bajeti, na kila safari iende na watu 2 badala ya 5.

Magari 110 hadi 80. Hapa mafuta pekee hayatoshi kukupa 30. Tafuta gari lililozeeka ambalo kila robo linaingia gereji, liegeshwe na liombewe kibali cha kuuzwa.

Vikao 150 hadi 115. Maelezo yako chini.

Umeme, maji, intaneti 60 hadi 55. Mishahara 170 hadi 155, kwa kutojaza nafasi zinazoachwa wazi na mikataba inayoisha, bila kumfukuza aliyepo. Vijiji na kata 90 hadi 75. Gharama za kukusanya 100 zibaki. Lishe na ustawi 60 zibaki.

Jumlisha: 80 + 30 + 35 + 5 + 15 + 15 = 180. Imetimia.

Vikao: sheria inataka Baraza likutane angalau mara moja kila miezi 3 na Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango kila mwezi. Hapo hapaguswi. Kinachoguswa ni vilivyoning'inizwa juu yake: siku ya pili ya kikao ambacho kingeisha siku moja, waalikwa 25 ambao 10 wangetosha, ziara ya kukagua miradi yenye magari 6, na chakula. Makabrasha ya kurasa 200 yanayochapishwa nakala 40 nayo ni fedha, yatumwe kwenye simu.

---

Ngoma_ya_Sikonge

Mbona mnazunguka? Futa posho za madiwani zote, pengo limeisha. Na barabara zisubiri mwaka mmoja.

---

Malagarasi

@Ngoma_ya_Sikonge, yote mawili hayapo kwenye kapu hili, ndugu yangu.

Posho ya mwezi ya madiwani: tangu mwaka wa fedha 2021/22 Serikali Kuu ndiyo inayoilipa kwa halmashauri nyingi, ikabakiza chache zenye mapato makubwa zijilipie. Halmashauri kama ya Chikichi ikifuta haipati hata senti kwenye mapato yake ya ndani. Kinachobaki kwenye mapato ya ndani ni posho za vikao, na hizo Mizani ameshazigusa.

Barabara za wilaya ziko TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) tangu Julai 2017, zinategemea zaidi Mfuko wa Barabara. Maji vijijini yako RUWASA (wakala wa maji vijijini) tangu 2019. Halmashauri ikipanga "kuokoa" kwenye greda inakata fedha isiyo yake.

Niongeze jambo ambalo halijatajwa: mapato lindwa. Chikichi amezungumzia yasiyolindwa tu, na amefanya vyema. Lakini kwenye akaunti kuna fedha za wagonjwa, yaani papo kwa papo, michango ya CHF (mfuko wa afya ya jamii) na marejesho ya bima. Mwaka wa ukata, mkono huelekea hapo. Utasikia "tunakopa kidogo tutarudisha robo ijayo". Hairudi, kwa sababu robo ijayo nayo ina pengo lake.

Matokeo yake ni ya kuhesabika. Zahanati hununua dawa MSD (Bohari ya Dawa) kwa salio lililopo. Fedha ikichotwa, oda inayofuata inatoka nusu. Mama anaandikiwa dawa akanunue duka la nje, kwa bei ya duka. Kwa maneno mengine halmashauri imepunguza matumizi kwa kumhamishia gharama mgonjwa, na haionekani popote kwenye jedwali. Ndiyo sababu tangu 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya zinatumwa moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo bila kupitia makao makuu ya halmashauri. Fedha za uchangiaji ziheshimiwe vivyo hivyo: Baraza lipitishe azimio la maandishi kwamba hazikopwi, na kamati za usimamizi wa vituo zipewe nakala.

Shule hali kadhalika. Ruzuku ya uendeshaji shule ya msingi ni 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na inayofika shuleni ni 6,000. Shule ya wanafunzi 500 inapata milioni 3 kwa mwaka, wastani wa 250,000 kwa mwezi kwa chaki, karatasi za mitihani, ukarabati mdogo, kila kitu. Hizo haziko mikononi mwa halmashauri. Lakini idara ya elimu ikikatwa mafuta na karatasi, inahamishia gharama shuleni: "mwalimu mkuu, toa rimu 3 za mtihani wa ujirani mwema". Mwalimu mkuu naye anahamishia kwa wazazi. Kila unapokata, fuatilia gharama inakwenda kutua kwa nani. Ikitua kwa mtu, hujapunguza kitu.

Na ile asilimia 10: 150 itashuka hadi 120 yenyewe kwa kuwa ni sehemu ya makusanyo, siyo kiasi maalumu. Isikatwe tena juu ya hapo, na isicheleweshwe kwa kisingizio cha ukata.

---

Vocha_na_Risiti

Nashangaa hakuna aliyetaja madeni, wakati ndilo punguzo kubwa kuliko yote.

Halmashauri haiwezi kumpunguzia mtumishi wa kudumu mshahara, unatoka Hazina. Inachoweza ni kutomlipa nauli ya likizo, fedha za uhamisho, posho ya kujikimu ya ajira mpya. Haiandikwi kuwa amekatwa, inaandikwa kuwa anadai. Mzabuni wa karatasi, fundi wa madawati, mama aliyepika chakula cha semina, nao vivyo hivyo. Hao ndio wanaoikopesha halmashauri bila riba wakati wa ukata, na hawakuulizwa. Mzabuni mkubwa hujikinga kwa kupandisha bei mwaka unaofuata. Mama wa chakula anafunga kibanda.

Nchi hii iliingia kwenye bajeti ya fedha taslimu mwaka 1996, msingi ukiwa kutumia kilichokusanywa tu. Na bado madeni yalizaliana, kwa sababu fedha ilidhibitiwa kwenye malipo lakini oda ziliendelea kutolewa. Dawa iko kwenye oda.

Utaratibu wa kufuata:

1. Kabla ya kugawa ile 1,200, orodhesha madeni yaliyohakikiwa kwa umri: chini ya siku 30, siku 31 hadi 90, zaidi ya 90. Weka fungu la kuyalipa. Jedwali la Chikichi halina fungu hilo, na hapo ndipo linapodanganya. Kama kuna deni la milioni 60, pengo siyo 300, ni 360.

2. Hakuna LPO (hati ya oda ya ununuzi) nje ya mfumo. Oda ya mdomo au ya barua ndiyo mama wa madeni. Ahadi ya malipo iingizwe MUSE (mfumo wa malipo wa Serikali) kwanza, mfumo ukikataa kwa kukosa salio, huduma haiagizwi.

3. Fungua mafungu kwa kilichoingia, siyo kwa kilichopangwa. Robo ikileta 240 badala ya 300, gawa 240.

4. Andikeni foleni ya malipo mapema, ipitishwe na Kamati ya Fedha. Mfano: mishahara, LUKU na maji, gharama za kukusanya, lishe, madeni ya zaidi ya siku 90, vijiji, vikao, magari, safari. Fedha ikiisha katikati ya foleni, wa mwisho wanakosa. Ona safari ziko wapi. Foleni hii ina nguvu kuliko asilimia zote mnazobishania, kwa sababu bajeti ni karatasi na foleni ndiyo fedha.

5. Kuhamisha fedha kutoka fungu moja kwenda jingine kupitie Baraza, na kila uhamisho utajwe kwenye kikao cha robo: umetoka wapi, umekwenda wapi, nani aliomba.

Jambo moja la muda. Pengo likigunduliwa Januari, nusu ya 1,500 imeshatumika. Milioni 300 zitatoka kwenye 750 zilizobaki, yaani asilimia 40. Hapo hakuna kugawana tena, ni kuzima tu. Makisio ya uongo ya Februari ndiyo yanayoleta balaa la Januari inayofuata.

---

Lenta

Nazungumzia zile 450 za miradi tu.

Kukata kila mradi asilimia 20 ni kosa la kiufundi kabla halijawa la haki. Miradi 15 kwa 24 badala ya 30 haikupi miradi 15 midogo. Inakupa maboma 15. Milioni 6 zinazokosekana kila mahali ndizo za mwisho kutumika: bati, dari, milango, sakafu. Msingi na kuta vimeshakula zao. Boma la tofali za kuchoma likikaa bila paa kuanzia Novemba hadi Aprili kwa mvua za huku, maji yanaingia juu ya ukuta, udongo wa kuungia unalainika, lenta inaanza kupasuka kwenye kona. Mwaka unaofuata unabomoa kozi 3 hadi 4 za juu kabla ya kupaua. Fedha "iliyookolewa" imelipwa mara mbili.

450 zikishuka asilimia 20 zinabaki 360. Gawa kwa 30, unapata miradi 12 iliyokamilika na 3 inayosubiri. Panga hivi: kwanza vilivyovuka lenta, pili vilivyo na nguvu za wananchi (mawe, mchanga, tofali zipo eneo la ujenzi), mwisho ambavyo havijachimbwa msingi. Katika hivyo vya mwisho, linganisha wanafunzi kwa darasa na umbali wa shule au zahanati iliyo karibu. Mwenye msongamano mkubwa anatangulia, hata kama diwani wake hana makelele.

Kata 3 zinazosubiri zitalalamika, na zina haki. Zipewe kitu cha kushika: muhtasari wa Baraza useme zitakuwa namba 1, 2 na 3 mwaka ufuatao, na zisihesabiwe tena kwenye kusubiri hata ukata ukiendelea. Bila maandishi hayo hakuna diwani mwenye akili atakayekubali.

---

Chikichi

Nashukuru sana wakuu. @Vocha_na_Risiti, madeni yapo kweli, nitaliongeza fungu.

Kuna wanaosema tusikate kabisa, tupandishe ushuru. Na wengine wanaleta mifano ya Ulaya, eti kule walikata wote sawa na wakavuka. Mnasemaje?

---

Dagaa_Kibirizi

Ushuru: kwa mwaka huo hauokoi. Kiwango kipya kinahitaji sheria ndogo, ipite kwa wananchi, Baraza, hadi Waziri wa TAMISEMI aidhinishe. Ni miezi mingi. Na viwango vikubwa vina kofia ya sheria kuu: tangu 2017 ushuru wa mazao ya biashara ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3, na anayesafirisha mazao yasiyozidi tani 1 kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hatozwi. Kinachobaki cha kupandisha ni meza ya sokoni na beseni la dagaa. Utamtoza zaidi yule yule ambaye ukata umeshamkuta. Heri kuziba panapovuja: mashine za POS zinazozimwa mchana, risiti za mkono, mageti yanayolala saa 12 jioni wakati malori yanapita saa 4 usiku.

Halafu hakikisheni kwanza kwamba ni ukata na siyo msimu. Huku ziwani, uvuvi ukisimamishwa kama ilivyokuwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 kwa Ziwa Tanganyika, ushuru wa mialo hukauka halafu hurudi. Wenzetu wa Urambo na Kaliua wanategemea tumbaku, fedha inaingia wakati wa masoko, kuanzia karibu na robo ya nne hadi robo ya kwanza. Ukigawa makisio kwa nne sawasawa, robo ya pili utaona njaa ambayo haipo na utakata vitu bure. Chukua makusanyo ya miezi ile ile kwa miaka 3 iliyopita, linganisha Oktoba na Oktoba. Ikiwa Oktoba zote ni ndogo, huo ni msimu, unahitaji akiba tu.

---

Mizani_Urambo

Kuhusu Ulaya, wanaoleta mfano huo wasome vizuri. Upo ushahidi wa pande zote mbili.

Uingereza baada ya 2010 ilipunguza ruzuku za serikali za mitaa. Kwa miaka ya mwanzo ruzuku ilikatwa kwa asilimia zinazokaribiana kwa wote. Sauti ya usawa kabisa. Lakini mabaraza ya maeneo maskini yalitegemea ruzuku zaidi, ya matajiri yalikuwa na kodi yao ya majengo. Weka hesabu ya mfano: baraza A linapata asilimia 80 ya fedha zake kwenye ruzuku, B asilimia 40. Kata ruzuku asilimia 25 kwa wote. A limepoteza asilimia 20 ya uwezo wake, B asilimia 10. Punguzo ni moja, maumivu mara mbili. Ndivyo ilivyotokea, maeneo maskini yakapoteza zaidi, na baadaye ilibidi wabadilishe namna ya kukokotoa.

Hilo linatuhusu moja kwa moja. Hazina ikikata OC (ruzuku ya matumizi mengineyo) kwa asilimia ile ile nchi nzima, Kakonko au Buhigwe haiumii sawa na jiji lenye mapato yake ya mabilioni. Hoja hiyo ndiyo wabunge wa mikoa hii wangeibeba, badala ya kuomba "tusikatwe".

Ireland walifanya tofauti kwenye mishahara ya umma kuanzia Januari 2010. Asilimia 5 kwa euro 30,000 za kwanza, 7.5 kwa 40,000 zinazofuata, 10 kwa 55,000 za juu yake. Mwenye 30,000 alipoteza 1,500, yaani asilimia 5. Mwenye 70,000 alipoteza 4,500, kama asilimia 6.4. Mwenye 125,000 alipoteza 10,000, asilimia 8. Watu walilia, na walikuwa na sababu, lakini ngazi ilionekana na kila mtu aliweza kuikokotoa mwenyewe. Ngazi ya namna hiyo mnaweza kuiweka kwenye posho za safari: wa ngazi za chini wabaki na safari zao za kazi, za wakuu wa idara zipungue nusu, za Mkurugenzi na Mwenyekiti zipungue zaidi. Ikianzia juu, hata wa chini wanakubali kukaza mkanda.

---

Malagarasi

Na tusisahau ya kwetu. Marekebisho ya uchumi ya miaka ya 1980 na 1990 yalileta kuchangia gharama: hospitali za Serikali kuanzia 1993, na michango na ada shuleni. Palikuwa na misamaha kwa wasiojiweza. Ilishindwa kwa sababu mbili zilizo wazi. Barua ya msamaha ilitegemea kiongozi wa mtaa amwone mtu ni maskini, na kituo kilichomhudumia hakikurudishiwa gharama, hivyo kila msamaha ulikuwa hasara kwa anayeutoa. Watoto walibaki nyumbani hadi ada ya shule ya msingi ilipofutwa 2001, na madarasa yakafurika mwaka uliofuata. Kinga ya asiye na uwezo isiyo na fungu lake haifanyi kazi. Mkisema "lishe italindwa", pawe na kiasi na namba ya kifungu.

Pia kukata sio njia pekee inayofahamika. Wakati wa UVIKO-19, Septemba 2021, nchi ilikopa IMF shilingi trilioni 1.3 kwa masharti nafuu, yakajengwa madarasa 15,000 kwa milioni 20 kila moja. Halmashauri haina dirisha hilo, lakini inaonyesha kuwa uamuzi wa kukata au kukopa ni wa ngazi ya juu. Chini huku tunagawana tu kilichoamuliwa.

---

Chikichi

Swali la mwisho. Wapo watakaosema kulinda lishe asilimia 100 ni upendeleo, wengine wote wameguswa. Niwajibu nini? Na jedwali la kupeleka kwenye Kamati liweje?

---

Mizani_Urambo

Lishe siyo upendeleo. Maelekezo ya mikataba ya lishe ni shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka 5. Halmashauri ikiwa na watoto 40,000 ni milioni 40, zilizobaki 20 kwenye fungu lako ni ustawi wa jamii. Idadi ya watoto haikushuka asilimia 20. Safari unaweza kuzipunguza kwa uamuzi, watoto huwezi. Waambie hivyo hivyo.

---

Vocha_na_Risiti

Jedwali liwe na safu 6: fungu, kiasi cha sasa, sehemu isiyokatika na sababu yake, kiasi kipya, asilimia ya punguzo kwa sehemu inayokatika, na nani atakosa huduma gani. Kwenye safu hiyo ya 6 usikubali "ufanisi utaongezeka". Andika kitu: "gari la ukaguzi wa elimu litafika kila shule mara 1 kwa muhula badala ya 2". Afisa asiyeweza kuijaza hajui fungu lake linafanya nini, arudi akaulize wa chini yake.

Litangulie wiki moja kabla ya Kamati, siyo asubuhi ya kikao. Likishapita Baraza, nakala ibandikwe ofisi za kata na vijiji, lisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji wa robo. Foleni ya malipo ibandikwe karibu nalo. Mtendaji wa kijiji anayejua kuwa fungu lake liko nafasi ya 6 anaacha kusafiri kilomita 70 kuja kuulizia fedha isiyokuwepo.

---

Ngoma_ya_Sikonge

Nimesoma, nimekubali kuhusu TARURA. Lakini vikao 115 bado ni vingi. Waalikwa wakiwa 10 kwa kila kikao, naona 95 inawezekana, na hizo 20 ziende kwenye madeni.

---

Mizani_Urambo

@Ngoma_ya_Sikonge, inategemea kata ziko ngapi na diwani anasafiri umbali gani. Kwa Uvinza, nauli na malazi ya madiwani wa mwambao wa ziwa peke yake ni mzigo, boti haziendi kila siku. Chikichi, tuwekee idadi ya kata na wajumbe wa kila kamati, tuikokotoe hapa hapa.